Namba Chini ya Rangi ya Kijivu

Baba yangu anasifika kwa jambo moja, na jambo hilo hilo ndilo linalonichemsha damu kila nikilikumbuka. Ni fundi magari. Mtaa mzima wa magereji unamwita Mzee Brashi, kwa sababu haagizi spea ya gari la zamani kabla hajaisugua bloku ya injini kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, akaisoma namba iliyochongwa pale kwa macho yake mwenyewe. Ukimletea kadi ya gari, anaikunja na kukurudishia. Ukimwambia ukubwa wa injini umeandikwa juu ya kifuniko, anakuuliza: wewe ukivaa kofia ya askari, umeshakuwa askari?

Sina ugomvi na kanuni yenyewe, maana ni ya kweli. Gari la miaka ishirini na tano limepita mikono mingi. Injini hutolewa ikawekwa nyingine, kifuniko cha hii kikahamia kwenye ile, na kadi inabaki ikisema yale yale iliyosema siku gari lilipotoka kiwandani. Katika mambo ya kupoza injini ndiyo balaa zaidi. Kuna pampu za maji zinazofanana kama mapacha, matundu ya bolti yanakaribia kulingana, ukilazimisha kidogo inakaa, ila mapanga ya moja ni mafupi kwa nusu kidole. Maji hayasukumwi inavyotakiwa. Asubuhi unamkabidhi mteja gari lake mnacheka, jioni unaitwa barabarani ukaone injini iliyoiva.

Mahubiri hayo nimeyasikiliza miaka tisa, tangu nilipoacha kazi ya ukarani nikamfuata gereji. Siku moja alinirudisha chini ya gari mara tatu kwa sababu niliandika nane mahali ambapo huenda palikuwa na tatu, tena akanisema mbele ya wateja bila kuchagua maneno. Nililia chini ya gari lile, sikutaka anione. Kisha, mjinga mimi, nikaanza kujivuna. Nikawa nawaambia mafundi wa jirani kwamba baba yangu hajui njia ya mkato, na kwamba wao ni wapiga ramli tu. Wengine walikuwa wakubwa kwangu kwa umri.

Mwaka huu baba alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Daktari akamkataza kuinama na kunyanyua kitu chochote kwa wiki sita, basi akawa anashinda nyumbani kwenye kochi na mto tumboni, anapiga simu gereji kila saa moja kuniuliza maswali ya kunichosha. Wiki ya tatu, asubuhi, likaingia gari la shangazi likitoa mvuke mbele kama birika.

Shangazi ni dada yake baba, mkubwa kwake kwa miaka minne, mwalimu mstaafu. Gari hilo alilinunua kwa kiinua mgongo chake, na udereva alijifunza akiwa na miaka hamsini na tano, darasa moja na vijana aliowahi kuwafundisha kusoma. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa raha kumwona. Kila Jumamosi alikuwa anapanda ule mlima mrefu nje ya mji, anateremka upande wa pili hadi kwa bibi, mama yao. Anamwogesha, anamsuka nywele, anamfulia mashuka, anamsomea gazeti zima hadi matangazo ya vifo, kisha jioni anarudi. Bibi alikuwa hasikii vizuri na hakutaka kusomewa na mtu mwingine, alisema wengine tunamung'unya.

Halafu gari likaanza kumgomea. Nguvu ikaisha, mlimani likawa linachemka. Mara mbili aliachwa pale pembeni ya barabara na maroli yanampita yakimpigia honi. Baba akawa anamtania kwamba anakanyaga klachi kama anayeponda udongo, kwamba gari lilikuwa zima mpaka lilipokutana na mguu wa mwalimu. Tulicheka sote. Nasema sote kwa sababu na mimi nilicheka, tena nilikuwa namwigiza anavyoshika usukani kwa mikono miwili kifua mbele. Mwisho baba akamwambia kwa upole kabisa kwamba ule mlima auache. Shangazi akauacha. Kwenda kwa basi magoti hayakumruhusu, ikawa anafika kwa bibi mara mbili kwa mwaka, akipata wa kumpeleka. Bibi alifariki miaka minne iliyopita, siku ya Jumatano, shangazi hayupo.

Basi asubuhi ile alisimama mbali na gari lake, mkoba kaukumbatia, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Nikamwamkia. Akaitikia huku akiangalia chini.

"Nimeliua tena," akasema. "Mwanangu, nisikilize. Hii ni mara ya mwisho. Mkilitengeneza likachemka tena, naliuza, na leseni naichana. Nimechoka kuharibu kitu kizuri."

Nikamkalisha kivulini, nikasubiri injini ipoe, nikafungua. Pampu ya maji ilikuwa inavuja kwenye ekseli yake, ukiishika inacheza kama jino bovu. Ilitakiwa mpya, hapakuwa na mjadala. Gari hilo sikuwahi kulishika hata siku moja. Baba alikuwa hamruhusu mtu kuligusa, anasema la dada yake atalitengeneza mwenyewe, na sisi tukaona huo ndio upendo wa ndugu.

Nikampigia simu. Nilitegemea aniambie nichukue brashi. Badala yake akaniambia niongeze maji, nikaze mpira wa juu, nimrudishe shangazi kwake, yeye ataliangalia akipona. Nikamwambia pampu imekufa, haifiki hata mwisho wa mtaa.  Kisha akasema:

"Basi agiza kwa kadi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, kwa kadi? Akasema ndiyo, kwa kadi, gari la dada yake analijua kama kiganja chake, hakuna haja ya kupoteza muda kuchafuana na bloku. Akakata simu. Mtu huyu mwezi mmoja tu nyuma alikuwa amesugua bloku ya gari lake mwenyewe, gari linalolala uani kwake.

Nikaenda kwa muuza spea na kadi mkononi. Huyu ni mtu mzima, mwenye duka jembamba lenye pampu zimening'inizwa hadi dari, amefanya kazi na baba tangu zamani. Alipoiona kadi alivua miwani akacheka, akaniuliza kama Mzee Brashi alitolewa ngiri au alitolewa akili. Akaweka pampu mbili mezani. Akasema hii ni ya injini kubwa, kama kadi inavyosema. Hii ya injini ndogo, ya jamaa hiyo hiyo, kifuniko cha juu ni kimoja, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Akanikumbusha kwamba aliyemfundisha kutouza pampu bila namba ya bloku ni baba yangu, tena alimfundisha kwa makelele. Akarudisha pampu zote mbili kwenye misumari yake.

Nikarudi. Shangazi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nikatoa mkanda, nikalegeza alteneta nikaisukuma pembeni, nikamwaga mafuta ya taa, nikaanza kusugua mahali namba inapokaa. Uchafu ulitoka, namba haikutokea. Palikuwa na rangi ya kijivu, nzito, imepakwa kwa mkono, na pale tu. Bloku nzima ilikuwa chuma kitupu chenye kutu isipokuwa kiraka hicho, ukubwa wa kiberiti. Nilikaa nikakitazama. Rangi haianguki yenyewe juu ya namba ya injini ikakaa hapo hapo tu. Na katika mtaa mzima hakuna mtu aliyekuwa anaruhusiwa kuingiza mkono kwenye injini hiyo isipokuwa mmoja.

Nilisugua mpaka vidole vikatoa damu. Herufi za kwanza zikatokea, kisha tarakimu. Hazikuwa za kwenye kadi. Ilikuwa injini ndogo. Nikafungua na nyumba ya thamostati, kile kifaa kinachoyafungulia maji yapite kwenye rejeta, nikakuta patupu, thamostati yenyewe haipo, imetolewa miaka mingi. Kwenye injini ile ukiitoa, maji yanajizungukia njia fupi, hayapiti yote kwenye rejeta, na mlimani lazima ichemke hata aendeshe malaika.

Baba ana daftari gumu ambamo anaandika namba ya kila bloku aliyoisoma. Analiweka kwenye droo pamoja na miwani yake ya akiba. Nilienda kulichukua. Sikuhitaji kutafuta. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, miaka kumi na moja iliyopita, kwa mwandiko wake wa kukandamiza kalamu, iko namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya shangazi. Mbele yake ameandika: *gari jeupe la mkandarasi*. Chini yake, mstari wa pili, iko ile niliyotoka kuisugua. Mbele yake ameandika: *dada*.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini aliandika. Mwizi gani anajiandikia risiti? Lakini ndivyo alivyo, chuma akishakisoma hawezi kukidanganya. Watu ndio anaoweza.

Nyumbani nilimkuta kwenye kochi lake. Sikumsalimu. Nililifungua daftari nikaliweka juu ya ule mto wa tumboni. Akavaa miwani, akaangalia, akaivua.

"Umeisugua," akasema.

Akanieleza, na alieleza kwa sauti ya chini bila kuniangalia. Mkandarasi alileta gari jeupe, la aina moja na la shangazi, linataka pampu. Baba aliagiza kwa kadi. Alikuwa na haraka, na siku hizo hakuwa Mzee Brashi, alikuwa fundi kama mafundi wengine. Pampu ikakaa, ikakaza, ikaonekana safi, na siku ya tatu injini ikafa barabarani. Mkandarasi alikuwa mtu wa mdomo mkubwa na marafiki wakubwa. Akampa siku mbili, la sivyo gereji itafungwa na mtaa mzima utajua kwa nini. Injini kubwa haikupatikana popote. Gari la shangazi lilikuwa pale pale uani, limeletwa kubadilishwa breki. Akaitoa injini yake akampa mkandarasi. La shangazi akalitia ndogo aliyoiokota kwa wauza vyuma, akaivisha kifuniko kilekile cha zamani.

"Nilipanga mwezi mmoja tu," akasema. "Nimtafutie nyingine, nirudishe, asijue."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuipa hata hiyo ndogo pampu yake na thamostati yake. Akasema muuza spea analijua gari la shangazi, angeuliza. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja alikuwa anavitia viraka vyuma vile vile chakavu, anazibaziba, anamkabidhi dada yake gari linalochemka, kisha anamtania kuhusu mguu wake. Yale mahubiri yote, brashi, mafuta ya taa, mimi kulia chini ya gari, yalizaliwa siku ile. Tulidhani ni uadilifu kumbe ni mtu anayeogopa kivuli chake.

Nilitaka kuvunja kitu. Nikamuuliza, na bibi je? Hapo ndipo aliponimaliza kabisa. Akasema bibi hakukosa mtu, yeye mwenyewe alikuwa anakwenda. Na ni kweli, alikuwa anakwenda, kila Jumamosi, tulimsifu kwa hilo pia. Alikuwa anaupanda ule mlima kwa gari lake zima, anakaa kwenye kiti cha dada yake kitandani kwa mama. Shangazi akiomba lifti alikuwa na udhuru kila mara: anaondokea gereji, gari limejaa vyuma.

Akaniomba nimnunulie pampu ya injini ndogo kimyakimya, na thamostati, gari lipoe, yaishe. Akasema kumwambia shangazi sasa ni kumtonesha kidonda bure, bibi hayupo tena. Akasema mimi ni binti yake na mambo ya nyumbani hufunikwa. Nikamwambia kesho saa tatu atakuwa gereji, atamwambia mwenyewe, mbele ya injini ikiwa wazi, na asipokuja nitamwambia mimi, na nikimaliza naondoka na spana zangu. Sijawahi kumsemesha baba hivyo. Mama alichungulia kutoka jikoni, akaona nyuso zetu, akarudi ndani.

Alikuja. Alitembea taratibu, mkono tumboni, akasimama upande mmoja wa boneti na shangazi, niliyemwomba arudi asubuhi hiyo, akasimama upande wa pili. Mimi nilibaki katikati nimeshika tochi nisiyokuwa na kazi nayo. Alimwambia. Nitamtendea haki, hakuficha kitu: mkandarasi, breki, rangi ya kijivu, thamostati. Alipofika kwenye utani wa klachi akakohoa, akaendelea.

Shangazi alisikiliza kama anavyosikiliza mtoto anayesoma kwa sauti, hadi mwisho, bila kumsaidia. Aliinama akaangalia ile namba kwenye bloku. Aliiangalia kwa muda mrefu sana kwa mtu asiyejua maana yake.

"Mama alipokuwa anakuuliza habari zangu," akasema, "ulikuwa unamjibu nini?"

Baba akasema mama alikuwa na amani, hakuwa analalamika.

"Sijauliza hivyo. Alikuwa anakuuliza kwa nini siji?"

"Alikuwa anauliza."

"Ukamjibu nini?"

Baba alishika ukingo wa boneti. Nilidhani kidonda cha upasuaji ndicho kinamuuma, kumbe alikuwa analitafuta neno.

"Nilimwambia gari limekushinda, dada."

Hakumtukana. Ningefurahi kama angemtukana, nilikuwa nimemwekea nafasi. Aliufunga mkoba wake, akaniambia mimi niagize vitu vinavyohitajika, vya injini iliyomo, si ya kwenye kadi. Baba akaanza kusema kwamba atamtafutia injini kubwa hata kama ni kuuza gari lake. Shangazi alikuwa ameshampa mgongo anaondoka kwa miguu. Nikamwacha baba pale na boneti yake nikamfuata.

Nilipeleka namba kwa muuza spea. Aliisoma, akaniangalia, akafungua mdomo kuuliza. Nikamwambia kwa ukali anipe pampu, thamostati, gasketi na mipira miwili na afunge mdomo. Akafunga. Nilifunga kila kitu kwa mikono yangu, nikatoa maji ya kutu, nikajaza dawa ya rejeta, nikaliacha likinguruma saa nzima nikilichungulia. Baba alikuwa amerudi kwenye kochi lake. Alipiga simu mara nne, sikupokea. Hadi leo ninapoandika haya nafanya naye kazi tena, maana gereji ni moja na mama ni mmoja, lakini tunazungumza habari za bolti tu. Wateja bado wanamsifu mbele yangu. Mmoja juzi aliniambia nina bahati kulelewa na mtu mwadilifu. Nikaenda nyuma kunawa mikono iliyokuwa safi.

Jumamosi shangazi akaja kuchukua gari lake. Akaniambia nipande. Hakusema tunakwenda wapi, na alipokata kushoto kuelekea nje ya mji nikajua. Nilimweleza kwa ufupi: injini hii ni ndogo, mlimani usiibembeleze na gia ya nne, ipe ya pili mapema, nenda nayo taratibu, maroli yakupite. Akaitikia kwa kichwa. Aliendesha mikono miwili kwenye usukani, kifua mbele, vile vile nilivyokuwa namwigiza, na nilitamani ardhi inimeze.

Tulianza kupanda. Akaweka ya pili. Maroli yakatupita yakipiga honi, hakuhangaika nayo. Pale alipowahi kuachwa mara ya kwanza alipaangalia, na pale pa mara ya pili alipaangalia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Ulipanda hadi katikati ukakaa hapo, haukutikisika.

Kileleni akasogea pembeni, akavuta breki ya mkono. Injini aliiacha inanguruma. Kutoka pale unaona hadi chini, na ukijua pa kuangalia unayaona mabati ya nyumba ya bibi, ambayo sasa wanakaa wapangaji. Shangazi aliyatazama mabati hayo huku midomo ikimcheza. Nilidhani atanililia, nikaanza kuandaa maneno.

"Kumbe hata hiki kidogo kinafika," akasema. "Angeniambia tu kwamba ni kidogo. Ningekuja polepole."